Jina la Lomunokol Kwenye Saruji

Si kweli kwamba mume wangu alizikwa bila jina. Nimelisikia neno hilo nje ya kanisa hapa Lodwar, nimelisikia kwa wauza samaki sokoni, na mwaka huu limenifikia kutoka Kainuk alikozaliwa, likiwa limeota mkia: kwamba kwa kuwa sikumwandikia jina, barabara ilipokuja niliokota mifupa ya mtu yeyote nikaiita ya Lomunokol. Na kwamba yule mwanamke wa Kisomali aliyepiga magoti makaburini siku ile alikuwa mke wake wa Kakuma. Nimekuwa mwalimu maisha yangu yote. Kosa nikiliona ubaoni silipiti. Nitalisahihisha hili mara moja.

Lomunokol alizaliwa karibu na mto Turkwel, mtoto wa mzee aliyekuwa na mbuzi wengi kabla ya wavamizi kuja. Mbuzi walipochukuliwa, kaka yake mkubwa, Akaale, alibaki na wachache waliosalia, na Lomunokol akaletwa Lodwar kusoma kwa wamisheni. Darasani hakuwa mtu wa kutajwa. Lakini katekista aligundua kwamba mkono wa kijana yule hautetemeki, akampa kazi ya kuandika majina ya watoto kwenye kadi za ubatizo. Mama waliozipokea kadi zile, wengi wao wasiojua kusoma, walizifunga ndani ya kitambaa na kuzining'iniza juu ya kitanda.

Alipotoka shule akawa mchoraji mabango pamoja na rafiki yake Atabo. Walipaka rangi kuta za maduka, milango ya malori, ubao wa kliniki na wa baa. Kwa kazi hizo alitumia herufi nene zilizosimama wima, zisizo na urembo wowote. Kazi iliyompa heshima ilikuwa nyingine. Nilikuwa naibu mwalimu mkuu wa shule ya wasichana alipoitwa kuandika majina kwenye vyeti vya wahitimu. Alikaa kwenye meza ya maktaba na kalamu ya nibu, akaniomba nifunge dirisha kwa sababu ya vumbi. Nilisimama nyuma yake kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Herufi zake ziliegemea kidogo mbele, kama mtu anayetembea kukabili upepo. Kalamu ikipanda iliacha mstari mwembamba kama unywele, ikishuka iliacha mstari ulionenepa katikati na kukonda chini. Mkia wa herufi moja uliishika inayofuata bila kuibana. Mwandiko huo aliuita Uzi. Hakuiga kitabu chochote. Aliutengeneza kwa miaka, herufi baada ya herufi, akitupa nyingi kuliko alizobakiza. Na katika herufi k, mguu wa chini aliupasua ncha ukawa na pengo dogo. Nilimwuliza kwa nini.

"Ni sikio la mbuzi wa baba," alisema.

Kila familia ya wafugaji kwetu ina namna yake ya kukata masikio ya mifugo, ili mbuzi akipotea ajulikane ni wa nani. Wa baba yao alikuwa na mkato ule. Mbuzi waliondoka na wavamizi. Alama aliihifadhi kwenye k.

Tulipooana, kwa ng'ombe wa harusi aliyechinjwa mbele ya koo zote mbili, kama wanavyojua wale wanaojifanya hawajui, nyumba yetu ilijaa watu waliotaka Uzi kwa kila kitu. Alikuwa mpole kwa kila jambo isipokuwa hilo. Nakumbuka mwenye duka la dawa alivyokuja akitaka bango la barabarani.

"Nataka ile ya kadi za harusi," alisema. "Ile yenye mikia."

"Hapana, mzee. Ya duka nitakupa nene."

"Nene kila mtu anayo. Hata kinyozi anayo."

"Na kinyozi ana wateja," Lomunokol akasema. "Mtu mwenye homa akipita na pikipiki usiku, asome mkia au asome dawa?"

"Wewe unaninyima kitu chako tu."

"Nakunyima hasara. Uzi ni bibi harusi, mzee wangu. Bibi harusi hapelekwi kuchota maji."

Watu wa mjini waliurudia msemo huo mpaka ukawa mzaha. Lakini ulikuwa ndio kanuni yake yote. Uzi ulikuwa wa majina mawili kwenye kadi ya harusi, wa jina la mhitimu kwenye cheti, wa jina la mtoto siku ya ubatizo. Uliweza kuandikwa kwa sukari juu ya keki, au kwenye lebo ya chupa ya manukato. Ni mwandiko wa kitu kinachoshikwa mkononi na mtu asiye na haraka. Tarehe, mahali na njia ya kufika viandikwe kwa herufi ya kawaida, iliyosimama chini ya Uzi kama mzazi nyuma ya bibi harusi. Aya nzima ya Uzi alisema inachosha macho. Herufi kubwa tupu za Uzi, zikipangwa pamoja, zinapigana. Na nje, kwenye jua na mchanga, usiutoe kabisa.

Kakuma alikwenda kwa sababu ya kazi. Ebyan na mume wake, Nuur, walikuwa na duka la uchapaji karibu na soko la kambi. Ebyan alichapa kadi za harusi za Wasomali, Wakongo na watu wa Sudan Kusini, na alikuwa amechoka na mapambo yaliyokuja na kompyuta, yale yale kwa kila bibi harusi. Aliuona Uzi kwenye kadi iliyotoka Lodwar akatuma salamu. Lomunokol akaenda na karatasi zake, akawa analala kwa ndugu mmoja wa Nuur huko huko Kakuma, wakifanya kazi ya kuuingiza mwandiko ndani ya kompyuta. Nilikwenda huko mara kadhaa wakati wa likizo. Niliwakuta wakigombana kama watoto wa mama mmoja.

"Huu mstari mwembamba mashine yangu haiuoni," Ebyan alisema. Kiswahili chake alikijifunzia kambini. "Lazima niunenepeshe."

"Ukiunenepesha utakuwa kamba."

"Kidogo tu, mzee. Karatasi zetu ni za bei rahisi, zinakunywa wino."

"Kidogo kiasi gani?"

"Mpaka uache kunung'unika."

Nuur, aliyekuwa akimimina chai, alisema, "Basi mtakesha."

Na kuhusu k, Ebyan alidhani ule mpasuko ni uchafu wa karatasi, akaufuta. Lomunokol alikataa chai mpaka uliporudishwa. Ebyan alipoelezwa ni sikio la mbuzi, alicheka, akasema kwao ni ngamia ndio huwekewa alama, kwa moto, na kwamba babu yake angemwelewa mtu huyu. Tangu hapo kila kadi ya harusi iliyotoka Kakuma yenye k ndani ya jina ilibeba sikio la mbuzi wa mzee wa Kainuk, na hakuna bibi harusi aliyejua.

Huyo ndiye "mke wa Kakuma." Nimemaliza hapo.

Alikufa kwa figo, baada ya ugonjwa mrefu. Tulimzika katika makaburi ya kando ya barabara ya Kakuma. Fundi mmoja alikuwa anajenga makaburi yote ya mwaka ule kwa namna moja: bamba la saruji, na kichwani jiwe la saruji lililopakwa chokaa. Jina la Lomunokol lilipakwa kwa rangi nyeusi juu ya jiwe lake. Na liliandikwa kwa Uzi.

Atabo ndiye aliyeshika brashi. Alisimama mbele ya jiwe muda mrefu bila kuichovya brashi koponi.

"Mwalimu," alisema, "yeye mwenyewe angekataa. Uzi hauendi nje."

Alijibiwa aandike. Nani alimjibu, hilo ni la familia. Mtu aliyewaandikia wengine majina mazuri kuliko yote hawezi kulala chini ya herufi za kinyozi. Ndivyo tulivyoona sote siku ile, kwa uchungu tuliokuwa nao. Atabo akaandika. Aliufuata mkono wa rafiki yake mpaka kwenye mpasuko wa k. Waombolezaji walisema hawajawahi kuona kaburi zuri namna ile.

Upepo wa Lodwar mnaujua. Unaanza asubuhi na mchanga ndani yake. Mistari myembamba ilikwenda kwanza. Nilipofika kuzuru, herufi zilikuwa zimeachana, mistari minene imebaki peke yake kama nyayo za mbuzi kwenye tope lililokauka. Nilimwita Atabo aje aipake upya, lakini alikuwa ameshahamia kwa mwanawe Kapedo, na macho yalikuwa yamemwisha. Sikutaka mkono mwingine uguse. Kisha rangi ikaisha yote. Mti uliokuwa alama yetu ukakatwa kwa makaa. Mchanga ukapanda juu ya mabamba.

Ndipo chifu akatangaza barazani kwamba barabara inapanuliwa. Kila familia ioneshe kaburi lake na kuhamisha mtu wake. Makaburi yasiyo na mwenyewe yatafunguliwa na waliomo watazikwa pamoja, katika shimo moja, nyuma ya mji.

Nilitoka barazani. Lomunokol, katika shimo la wasio na majina. Nilimkuta Akaale chini ya kivuli cha ukuta, ameshikilia kigoda chake. Alikuwa amekuja kutoka Kainuk kwa lori.

"Ejok, shemeji," nilimsalimu.

"Ejok-noi." Hakunitazama. "Twende unioneshe."

Makaburi matatu yalikuwa yamekaa sambamba, ya fundi yule yule, yote meupe, yote matupu. Mimi niliamini la kwetu ni lile la upande wa mto. Akaale aliamini ni la katikati. Kila mmoja wetu alikuwa na sababu, na kila sababu ilitegemea ule mti uliokatwa.

"Wewe mwalimu ilisoma sana," Akaale alisema. "Sasa soma hii."

"Shemeji, hakuna cha kusoma."

"Basi hakuna kufungua."

Nilimsihi. Nilimwambia kama hatufungui sisi, watafungua wao. Alitikisa kichwa.

"Kaburi moja mimi nafungua, ya ndugu yangu. Mimi nachinja mbuzi, napaka, nasema na yeye, anasikia. Kufungua ya mtu mwingine, huyo mtu anaingia kwa boma yangu. Anakula watoto. Kujaribu-jaribu hapana. Mara moja tu, na iwe yeye."

Wasomi wenzangu wanaweza kucheka. Mimi sikucheka. Kwa desturi yetu kaka mkubwa ndiye wa kutia mkono wa kwanza. Bila yeye nisingeweza kumgusa mume wangu hata kwa kijiti. Na tingatinga lilikuwa tayari limefika upande wa pili wa makaburi. Kutoka tulipokuwa tumesimama tulilisikia.

Nilimpigia simu Ebyan kwa sababu hakukuwa na mtu mwingine duniani aliyebaki anayeijua kila herufi ya Uzi ilivyosimama. Sikujua atafanya nini. Nadhani nilitaka tu kulia kwa mtu. Alinisikiliza, kisha akauliza, "Abaayo, dada yangu, rangi ilikuwa ya mafuta?"

"Ndiyo."

"Kwa mistari minene alipaka mara mbili?"

"Ilikuwa kawaida yao."

"Usiguse mawe. Usifute. Nakuja."

Walifika na Nuur kwa gari lake la mizigo, wakiwa na madumu ya maji. Njia nzima kutoka kwangu hadi makaburini Ebyan alinieleza sababu. Bango la duka lake la zamani, lililopakwa juu ya ukuta wa saruji, liliisha kabisa kwa jua, lakini kila mvua ilipolowesha ukuta jina lilirudi kwa dakika chache. Pale rangi ya mafuta ilipokaa, saruji haikunywa maji sawa na kwingine. Inakauka kwa namna tofauti.

"Lakini mistari myembamba haitarudi," alisema. "Hiyo imekufa. Tutapata minene tu, kama tutapata."

Palikuwa na watu wengi kuliko nilivyotaka. Afisa wa barabara alikuja na mwavuli. Wanawake waliokuja kuhamisha watu wao wakasimama kutazama. Nuur alimwaga maji juu ya jiwe la katikati, lile la Akaale. Saruji ikawa nyeusi, tukasubiri. Ikakauka kote kwa pamoja, nyeupe kama sahani. Akaale aliangalia chini.

Nuur akamwaga juu ya jiwe la tatu, ili tusiseme hatukulijaribu. Likakauka vile vile.

Kisha la kwangu. Jua lilikuwa kali na maji yalianza kupanda kama mvuke. Ebyan alipiga magoti, uso wake karibu na jiwe. Hapo ndipo alipopiga magoti. Mkono wake mmoja ulikuwa juu ya mchanga, mwingine hewani, kama anayepima.

"Chaki," alisema. "Kitu chochote. Haraka."

Mwalimu hakosi chaki mkobani. Nikampa.

Kulikuwa na mistari. Niliiona pia: mmoja mrefu, kisha mifupi mifupi iliyolegea, kisha palikuwa na kitu kirefu karibu na mwisho. Ebyan akaanza kuiunga kwa chaki, akipitisha zile nyuzi zilizokufa kutoka mstari hadi mstari. Maji yakakauka kabla hajamaliza. Nuur akamwaga tena. Dumu la mwisho.

"Huyu mama hasomi," afisa alisema. "Anaandika. Hata mimi nikipewa chaki naweza kuandika jina lolote hapo."

Wanawake nyuma yetu wakacheka. Mmoja akasema, "Si ameliandika kwa kadi ngapi, huyu? Analijua kwa moyo."

Ebyan alisimamisha mkono. Nikamwona uso umebadilika, na nikajua kwamba afisa amesema neno litakalotumaliza, kwa sababu Akaale alikuwa amelielewa. Alisimama na kigoda chake mkononi, mtu aliye tayari kuondoka. Nilimshika shuka. Mimi, mke wa mdogo wake, mbele ya watu, nilimshika shuka, jambo ambalo haliruhusiwi.

"Shemeji, ngoja likauke," nilimwambia. "Ngoja likauke tu."

"Niachie, mwalimu."

"Ebyan, ondoa chaki. Usiguse tena."

Akajivuta nyuma. Nuur akageuza dumu, likatoa maji ya mwisho, yakaosha chaki yote, yakatiririka meupe kwenye mchanga. Jiwe likabaki jeusi. Tingatinga lilikuwa limezimwa, sijui kwa nini. Jiwe likaanza kupauka kutoka kingo, na katikati, upande wa kulia, palibaki giza kidogo la mstari mrefu. Kutoka kwenye mstari ule ukashuka mguu. Na mwisho wa mguu ule ulikuwa umepasuka.

Akaale hasomi. Hajawahi kuandika hata jina lake. Alikuja mpaka kwenye jiwe, akainama, akaweka kidole kwenye mpasuko kabla haujafifia, kama anavyoshika sikio la mnyama kundini.

"Hii ni ya baba," alisema. Kisha akasema kwa Kiturkana maneno ambayo hayakuwa ya afisa wala ya wanawake wale, na akaomba aletewe mbuzi.

Mbuzi alichinjwa pale pale. Akaale alijipaka kifuani majani yaliyosagika ya tumboni mwa mbuzi, akanipaka mimi, na baada ya kufikiri kidogo akampaka Ebyan kwenye mkono ulioshika chaki. Ebyan hakuufuta. Nuur alimwangalia mke wake, akasema, "Na viti vya gari langu jipya je," akamfungulia mlango.

Tulifungua kaburi moja tu. Lomunokol sasa yuko nyuma ya kilima, mbali na barabara, chini ya jina lililochongwa ndani ya jiwe kwa herufi nene zilizosimama wima, za kinyozi mkipenda. Mtu anayepita na pikipiki anaweza kulisoma. Uzi uko nyumbani, kwenye kadi ya kumbukumbu aliyoichapa Ebyan, jina tupu na nafasi kubwa pande zote, ndani ya kioo, kwenye ukuta usiofikiwa na jua.

Wanaouliza tulikuta nini tulipofungua, na nilimjuaje, na kama Akaale alilia: alikuwa yeye. Mimi ndiye mke wake na nimesema alikuwa yeye. Sitaongeza neno.